Kabla Hujainua Mkono: Kwa Anayekwenda Kuapa Uraia Kutoka Makete, Njombe na Makambako

Barua imefika. Huenda imekukuta Matamba ukichagua mbegu ya viazi, au Makambako dukani kwako si mbali na stesheni ya TAZARA, au Ikonda unakofanya kazi hospitalini. Inasema Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi ameridhia ombi lako la uraia wa tajnisi, na inakueleza hatua zilizobaki. Majirani wakisikia watakupa mkono: "Hongera, sasa ni mwenzetu." Pokea pongezi zao kwa moyo mweupe, ila ujue kwamba mbele ya Sheria ya Uraia wa Tanzania, Sura ya 357, bado hujawa raia. Utakuwa raia ukishaapa kiapo cha utii, ukaukana uraia uliokuja nao, ukakabidhiwa cheti. Mwongozo huu ni wa siku zilizo kati ya barua na cheti, pamoja na wiki chache zinazofuata.

Njia ndefu umeshaipita. Umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hapo umekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Tangazo lako limetoka gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Umehojiwa, na habari zako zimeulizwa kijijini, wilayani na mkoani. Kama uliomba kwa kuwa umeolewa na Mtanzania, masharti yako yalikuwa mepesi kidogo, lakini kiapo ni kile kile. Mume mgeni aliyeoa Mtanzania hana nafuu hiyo. Sheria inamtaka apite njia ndefu ya wote, jambo ambalo dada zetu wengi wanalilalamikia, nami naona wana haki.

Watu hujiandaa kwa siku hii kwa kushona kitenge na kuagiza mchele wa Kyela. Si vibaya, siku yenyewe ni ya furaha. Lakini maandalizi mazito ni mawili na hayauzwi dukani: kuiaga nchi yako ya kwanza kwa utaratibu na kwa akili iliyotulia, na kuwarudia watu wa kijijini waliosimama mbele ya serikali wakasema wanakufahamu.

Karatasi kwanza

Chukua barua, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama unacho, kibali cha ukaazi na kile kitambulisho cha mgeni mkaazi ulichopewa na NIDA. Vitandaze mezani, kisha soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Pasipoti inasema Joseph, cheti cha ubatizo kinasema Yosefu. Mama wa watoto ameandikwa kwa jina la ukoo wake mahali pamoja na kwa jina la mume mahali pengine. Siku na mwezi wa kuzaliwa vimebadilishana nafasi. Ukiona tofauti, usingoje siku ya kiapo. Nenda kwa wakili au mahakamani, uape hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, kisha umwoneshe Afisa Uhamiaji kabla cheti hakijachapwa. Jina litakaloingia kwenye cheti cha uraia ndilo litakalokwenda NIDA, kwenye pasipoti, benki na kwenye hati ya shamba. Kulisahihisha baadaye ni safari juu ya safari, na mtu wa Kitulo anajua safari moja ya Njombe inavyomaliza siku.

Ada hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba, benki au kwa simu, na risiti inabaki kwako. Viwango vinatofautiana kwa makundi ya waombaji na hubadilika kwa kanuni, kwa hiyo fuata kilichoandikwa kwenye barua yako, si alicholipa rafiki yako miaka ya nyuma. Atatokea mtu wa kukwambia anayo njia ya haraka, umpe fedha mkononi akusogezee faili. Huyo ni kishoka. Mkatae, na akizidi kukufuata, TAKUKURU wana ofisi Njombe. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu uraia wa tajnisi uliopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo la msingi, Waziri anaweza kuufuta hata miaka mingi baadaye, watoto wakiwa shuleni na shamba likiwa na mazao.

Toa kopi mbili za kila karatasi, moja uiache kwa mtu unayemwamini. Nakala halisi ziweke kwenye faili la plastiki linalofungwa, hasa ukisafiri kati ya Novemba na Mei. Mvua za uwanda wa Kitulo hazijali kwamba mzigo wako ni wa serikali.

Kuiaga nchi ya kwanza

Neno gumu kuliko yote siku hiyo halimo kwenye kiapo. Limo kwenye tamko la kuukana uraia wa zamani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Suala la uraia pacha limejadiliwa sana, hata katika Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, na kwa wenye asili ya Tanzania walioko ughaibuni serikali imechagua njia ya hadhi maalumu. Lakini mjadala huo haukuhusu wewe unayeingia. Wewe unatakiwa uwe na nchi moja.

Kuna mtego hapa, na unawanasa hasa ndugu zetu wa jirani. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya 2010, Zambia kwa marekebisho ya Katiba ya 2016, na Malawi nayo imefungua mlango huo. Mtu aliyetoka Karonga au Nakonde akasikia redioni kwamba kwao sasa inaruhusiwa, anaweza kudhani pasipoti ya zamani atailaza kabatini kwa ajili ya siku ya shida. Ruhusa ya kwao haimsaidii huku. Ukishaapa Tanzania, sheria inayokushika ni ya Tanzania, na kuitumia ile pasipoti ya zamani mpakani kunaweza kukugharimu uraia uliouhangaikia.

Kwa hiyo andikia ubalozi wa nchi yako mapema, kwa maandishi, uulize mambo matatu: wanataka nini ili mtu akane uraia wao, inachukua muda gani, na watakupa karatasi gani kuthibitisha. Nchi nyingi hazimwachii raia wake mpaka aoneshe kwamba ipo nchi inayompokea. Barua yako ya kukubaliwa ndiyo ushahidi huo, na kwa sababu hiyo usikane chochote kabla haijawa mkononi. Uliza pia habari ya pensheni kama uliwahi kufanya kazi kule, na habari ya urithi wa ardhi. Majibu yatunze pamoja na nyaraka zako.

Jitahidi tarehe ya kukana na tarehe ya kiapo zikaribiane. Hapa hapa nchini tumeona yanayotokea nafasi kati ya tarehe hizo ikirefuka. Watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na Mishamo, ambazo leo ziko mkoani Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora, walipewa nafasi ya kuchagua, miaka 35 na zaidi baada ya kuingia: warudi kwao, au waombe uraia wa Tanzania. Waliokubaliwa walikuwa 162,156. Walishaukana uraia wa Burundi. Lakini cheti kilifungamanishwa na sharti la kuyahama makazi yale na kutawanyika katika mikoa mingine, mpango huo ukakwama, na vyeti havikuanza kutolewa mpaka Oktoba 2014. Muda wote huo walikuwa watu walioacha nchi moja bila kuishika nyingine mkononi. Familia nzima zilikaa hazijui kama zijenge nyumba ya tofali au zingoje amri ya kuhama. Wewe ni mtu mmoja mwenye barua moja na huenda usipatwe na hayo, lakini ukiambiwa na ofisi yoyote "kana kwanza, mengine tutaangalia," muulize afisa kwa adabu ni lini utaapa, na uandike jibu lake.

Halafu kuna kuaga kwenyewe. Mzee wako aliyeko Mzuzu, mama aliyeko Torino, kaka aliyeko Ndola: hao wasilisikie jambo hili kwa watu. Piga simu, na kama nauli inaruhusu, nenda. Wengi wa kwetu wakisikia neno "kukana" wanaumia, kana kwamba umewakana wao. Waeleze kwamba ni kama binti anayeolewa: anahama nyumba, jina lake linaandikwa kwenye daftari jingine, lakini hakuna aliyewahi kusema ameacha kuwa mtoto wa baba yake. Kaburi la babu yako litabaki la babu yako. Kisha waambie pia lililo gumu, usiwafiche. Utaingia kwao kwa pasipoti ya Tanzania. Kwa Malawi na Zambia hilo si tatizo, hatuhitaji viza. Kwa Italia au Uingereza utapanga foleni ya viza kama Mtanzania mwingine yeyote, na msiba hausubiri viza. Kama una mzazi mgonjwa Ulaya, lipime jambo hili sasa, ukiwa bado una nafasi ya kulipima. Nakuheshimu ukiamua kuendelea, na nakuheshimu vile vile ukiamua kusubiri. Nisichokitaka ni uje uligundue siku ya simu ya usiku.

Watoto nao uwaulizie kabla hujaapa. Cheti chako peke yake hakiwavushi. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, mzazi wake mmoja akiwa Mtanzania, ni raia wa kuzaliwa. Mtoto wa wazazi wawili wageni mamlaka hazimhesabu hivyo, hata kama alizaliwa Ikonda na anaongea Kikinga kukushinda. Aliye chini ya miaka 18, mzazi aliyepata uraia anaweza kumwombea kwa Waziri. Aliyeshafika 18 anaomba mwenyewe, kwa masharti yake mwenyewe. Nyumba moja inaweza kujikuta na raia wa aina tatu mezani kwa sababu tu baba hakuuliza mapema.

Maneno ya kiapo

Omba nakala ya kiapo kabla ya siku yenyewe. Ni kifupi, na kimo kwenye majedwali ya sheria. Kisome kwa sauti, si kwa macho, na ukisome mbele ya mtu: mwenzi wako, mwalimu wa shule ya msingi ya hapo kijijini, katekista. Sheria inataka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo ukitaka Kiingereza utakipata. Ushauri wangu ni uape kwa Kiswahili, hata kama ulimi wako bado unajikwaa kwenye "Jamhuri ya Muungano". Ni lugha ambayo mwenyekiti wa kitongoji chako ataielewa akiwa amesimama nyuma yako, na yeye ni mmoja wa watu unaofungamana nao.

Ujue unaapa kwa nani. Kiapo cha uraia ni cha uaminifu na utii kwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Humwapii rais aliyepo, hukiapii chama, wala humwapii mkuu wa wilaya. Viongozi watapita, na wewe utakuwa na haki ya kuwachagua na ya kuwakataa, lakini Jamhuri uliyoiapia itabaki. Tena Jamhuri hiyo ni ya pande mbili. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Zanzibar ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na nchi hizo zikaungana tarehe 26 Aprili 1964. Mtu anaweza kuishi Makete miaka 20 bila kuiona bahari, lakini akiapa, Mkoani na Chake Chake kule Pemba zinakuwa kwake kama Bulongwa na Tandala zilivyo.

Historia ya taifa isome, na usiishie Dar es Salaam. Nyanda hizi nazo zina historia yake. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 havikuwa vya Songea na Kilwa tu. Wabena na Wapangwa waliingia, na adhabu ya Wajerumani iliyofuata, kuchoma vyakula na kuacha njaa, ilipita humu pia. Kaa na mzee mmoja wa kijijini kwako umwombe akusimulie anayoyajua ya ukoo wake. Utajifunza kwake mambo ambayo hakuna afisa atakayekuuliza, na utaapa ukijua ardhi unayoiapia ililipiwa na nani.

Wimbo wa taifa, "Mungu Ibariki Afrika", una beti mbili, na ya pili ndiyo ya Tanzania. Wengi wetu tuliozaliwa hapa tunaiimba ya kwanza kwa nguvu, ya pili tunafuata nyuma ya wenzetu. Wewe zijue zote. Simama wima, mikono ikiwa imenyooka ubavuni. Rangi za bendera nazo uzifahamu: kijani ni ardhi na uoto wake, manjano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito.

Mkristo huapa na Biblia, Mwislamu na Msahafu. Beba chako mwenyewe, usitegemee cha ofisi. Kama imani yako haikuruhusu kuapa, au huna dini, sheria zetu zinatambua uthibitisho badala ya kiapo, na uzito wake ni ule ule. Mwambie afisa siku chache kabla ili fomu iandaliwe ipasavyo.

Siku yenyewe

Barua itataja mahali na mtu atakayekuapisha. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Njombe mjini, na kwa wengi wa huku safari inaelekea huko. Ukitoka Makambako ni mwendo wa kosta asubuhi. Ukitoka upande wa Kitulo una njia mbili: kupitia Makete mjini na Tandala, au kuteremka kutoka Matamba hadi Chimala kwa ile barabara ya kona 57, ushike barabara kuu ya TANZAM hadi Makambako, kisha upande Njombe. Ya pili ni ndefu, na ukungu ukishuka kwenye zile kona, dereva mwenye busara husimama. Usipange kuipita alfajiri ya siku ya kiapo. Lala Njombe usiku wa kuamkia, hata kama ni kwa jamaa.

Vaa kwa heshima na vaa kwa baridi. Juni hadi Agosti Njombe ina asubuhi za jalidi, na mtu anayetetemeka hasomi vizuri. Suti na sweta ndani, au kitenge na shali nzito, vinatosha kabisa. Usivae sare ya chama chochote cha siasa, wala fulana ya mgombea. Siku hii ni ya nchi.

Usishangae hafla ikiwa ndogo. Ndugu zetu walioko Minneapolis huapishwa ukumbini pamoja na mamia ya wengine, wakiwa wameinua mikono. Uingereza ilianza hafla za namna hiyo Februari 2004, katika ukumbi wa mji wa Brent, London. Kwa jirani zetu wa Kenya, Wamakonde wa Kwale walioishi kwa vizazi vingi bila vitambulisho walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai kutambuliwa, na mapema mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi vitambulisho mbele ya umati. Wewe huenda ukaapa ofisini, meza moja, kiti kimoja, picha ya Baba wa Taifa ukutani, na kazi ikamalizika kabla ya saa nne. Sherehe kwa maana ya watu unaweza kuja nayo mwenyewe, nayo naiona ya lazima.

Rudi kwenye faili lako. Ofisi ilipouliza wewe ni nani, aliyejibu hakuwa wakili wala mwajiri wako peke yake. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata, jirani wa mpakani. Walisema kama unafika misibani, kama umetoa mchango wa darasa na wa zahanati, kama umewahi kugombana na mtu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hawa walikudhamini kwa majina yao. Wiki mbili kabla ya kiapo wafuate mmoja mmoja, nyumbani kwao, saa ambayo mtu ametoka shamba na amenawa. Piga hodi, amkia kama panavyotakiwa, "kamwene" kwa Wabena ikianza, kisha sema: nimekuja kukushukuru, na naomba uwe nami siku nitakapoapa. Wawili au watatu wanatosha. Walipie nauli na chakula, hilo ni la heshima na halina siri. Anayekuapisha usimpe chochote.

Ukikabidhiwa cheti, usitoke mlangoni kabla hujakisoma. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, sahihi, muhuri. Kosa likionekana pale pale, linarekebishwa pale pale. Usikilaminishe, hata kijana wa stesheneri akikubembeleza. Ofisi nyingi huitilia shaka karatasi iliyofunikwa kwa plastiki kwa sababu muhuri na karatasi yenyewe havishikiki. Toa nakala, wakili azigongee muhuri, halafu cheti halisi kikae mahali ambapo moto na mchwa havifiki.

Baada ya cheti

Rudisha kibali cha ukaazi na kitambulisho cha mgeni. Nenda NIDA uanze maombi ya kitambulisho cha raia, kwa sababu karibu kila mlango mwingine unafunguliwa nacho: benki, laini ya simu, namba ya mlipa kodi, leseni ya udereva, pasipoti. Pasipoti iombe hata kama huna safari. Umeshaiacha ya zamani, na mtu asibaki bila hati ya kusafiria wakati ana jamaa nje ya mpaka.

Ardhi inahitaji utulivu zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Ndiyo maana wageni wengi wa Makete na Wanging'ombe wamepanda viazi, mipaina au parachichi kwenye mashamba yaliyoandikwa kwa jina la rafiki au shemeji. Ukishakuwa raia, usidhani shamba hilo limegeuka lako lenyewe. Mwenye jina bado ni mwenye jina. Kaeni naye pamoja na mashahidi, mkubaliane wazi, kisha mpeleke jambo kwenye halmashauri ya kijiji kwa utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hapo ndipo unaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Majirani wa mipaka yote minne wawepo siku ya kupima, na jina la mwenzi wako liwe kwenye hati pamoja na lako. Katika nchi hii mashamba mengi yanapotea mwenye nyumba akifa, kwa sababu hati ilikuwa na jina moja tu.

Raia wa tajnisi hawezi kugombea urais. Katiba inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Kura utapiga, na uongozi wa kijiji uko wazi kwako. Hata matembezi yanabadilika: lango la Hifadhi ya Taifa Kitulo lina viingilio tofauti kwa wageni na kwa wenyeji wa Afrika Mashariki. Kama ulikuwa ukilipa kiwango cha mgeni, nenda na kitambulisho chako kipya kati ya Desemba na Aprili, maua yakiwa yamefunguka, uwachukue na wale wazee waliokusindikiza. Wengi wao wameishi chini ya ile Bustani ya Mungu, kama hifadhi hiyo inavyoitwa, maisha yao yote, hawajawahi kuingia.

Karamu ifanye nyumbani, si mjini. Kama ni msimu wa ulanzi, wanaokunywa watafurahi. Alika na wale waliokuwa na mashaka na wewe. Wamo kila kijiji, na siku hiyo ni nzuri ya kukaa nao sahani moja.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Hudhuria unaofuata, na mwombe mwenyekiti akupe dakika moja ujitambulishe upya. Siku hiyo hiyo muulize mtendaji kuhusu uandikishaji wa wapiga kura, kwa kuwa kuna madaftari mawili: la kudumu, linalosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na orodha inayoandikwa kwenye kitongoji kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Ukiandikishwa kwenye moja hujaandikishwa kwenye nyingine. Uchaguzi wa mitaa uliopita ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024 na hufanyika kila baada ya miaka 5, na uandikishaji wake huchukua siku chache tu, mara nyingi wakati watu wanaandaa mashamba. Mwambie mtendaji akuarifu mapema, na umwachie namba yako ya simu.